Hewa ya Nyumbani Mwetu

Mtu akialikwa karamuni hutazama chakula kabla hajala, na akipewa maji yenye tope huyamwaga akaomba mengine. Lakini hewa hatuitazami. Twaivuta mchana na usiku, tukiwa macho na tukiwa usingizini, wala hatuulizi kama ni safi au ni chafu. Na tena hewa ndiyo tuitumiayo kwa wingi kuliko vyote: mtu mzima huvuta lita 10,000 na zaidi kwa siku moja, yaani kama madebe 500 ya lita 20. Asiye na chakula huishi siku nyingi. Asiye na maji huishi siku chache. Asiye na hewa hafikishi robo saa. Basi yatupasa tuifikiri hewa ya nyumbani mwetu angalau kama tunavyofikiri maji ya mtungini.

Sisi tuandikao maneno haya tumefundisha miaka mingi katika vijiji vya milima ya Usambara, ambako baridi ya mwezi wa sita na wa saba huwafanya watu wakae karibu na moto tangu alasiri mpaka usiku. Mwalimu wa darasa la kwanza huko hahitaji kuambiwa ni mtoto gani alalaye jikoni. Humjua kwa macho mekundu, kwa harufu ya moshi iliyoingia katika sweta lake, na kwa kikohozi kisichokwisha hata masika yakiisha. Na kwa kuwa mwalimu aliye mwema huwafuata wanafunzi wake hata nyumbani, tumepata kuingia katika nyumba nyingi, tukainama mlangoni, tukaketi karibu na mafiga pamoja na wenyeji wetu, machozi yakitutoka sote, nao wakicheka na kutuambia, "Karibu mwalimu, ndio moshi wetu huo."

Katika kijiji kimoja palikuwa na bibi mmoja, mjane, aliyekaa na mkwewe na wajukuu watatu. Mwanawe, baba wa watoto hao, alikuwa akifanya kazi mbali katika mashamba ya mkonge, akirudi mara mbili kwa mwaka. Nyumba ya bibi ilikuwa ya miti na udongo, safi sana, uwanja wake umefagiwa kila asubuhi. Lakini haikuwa na dirisha hata moja. Mafiga yalikuwa katikati ya chumba, na juu yake dari ya fito iliyojaa mahindi. Mjukuu wa mwisho, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, alishikwa na kichomi mara mbili katika masika moja. Mara ya pili alichukuliwa hospitali usiku, mgongoni mwa mama yake, akalazwa huko siku nane. Alipopona alirudishwa palepale penye moshi, maana ndiko kwao.

Tulikwenda kumpa pole bibi, na baada ya salamu tukaanza kuzungumza habari ya moshi. Bibi alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa upole: "Mwanangu mwalimu, moshi huu ndio ulionilea mimi, ukamlea na baba wa watoto hawa. Moto ukitoka humu ndani, baridi itatuua. Mahindi yangu yataliwa na fukusi, na paa langu litaliwa na mchwa. Na hao mbu utawafukuza wewe?" Mkwewe alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Hakusema neno, ila alitutazama.

Maneno ya bibi si maneno ya kijinga, wala hatupendi desturi ya watu waliosoma kidogo ya kuwacheka wazee. Wazee walikuwa na sababu zao, na kila sababu ilikuwa na kweli ndani yake. Moshi hukausha nafaka, na wadudu wengi huuchukia. Paa la nyasi lililoiva kwa masizi hudumu kuliko paa lisiloona moshi. Mtu atakaye kuondoa moshi nyumbani hana budi kwanza kuonyesha namna ya kuihifadhi ile faida aliyokuwa nayo mwenye nyumba. Asipofanya hivyo, atapewa uji na kushukuriwa, na akiondoka mambo yatabaki yalivyokuwa.

Lakini hasara nayo yataka kuhesabiwa. Moshi wa kuni si hewa yenye harufu tu. Ndani yake mna chembe ndogo mno, ambazo hata 25 zikipangwa kwa safu hazizidi upana wa unywele mmoja. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, tukalitoa kwa makamasi na makohozi. Chembe hizi ndogo hupita zikafika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia hata katika damu. Ndizo ziletazo kichomi kwa watoto, na kwa watu wazima maradhi ya mapafu yasiyopona, maradhi ya moyo, na kupooza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani kote, na katika hao watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000. Watoto hao hawakuvuta tumbaku, wala hawakufanya kazi viwandani. Walikuwa mgongoni mwa mama zao wakati mama walipokuwa wakisonga ugali.

Basi na tuzitazame sababu za bibi moja moja.

Kwanza, mbu. Ni kweli kwamba mtu aliyeketi katika moshi mwingi huona mbu wamepungua kidogo. Lakini wataalamu waliokusanya na kuchunguza habari hizi mwaka 2007 hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba moshi wa kupikia huwakinga watu na malaria. Tena moto huzimika usiku wa manane, na mbu wa malaria hupenda kuuma wakati huo huo watu walipolala. Kinga ya mbu ni chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro au mkeka. Moshi haukuwahi kuifanya kazi hiyo, ila ulionekana kuifanya.

Pili, mahindi na paa. Hapa bibi alikuwa na haki. Lakini mahindi hayahitaji watu walale pamoja nayo. Dari ya mahindi yaweza kujengwa katika banda la kupikia, moshi ukaifikia huko mchana, nao watu wakalala katika nyumba nyingine. Mahindi yaliyokaushwa sana juani, mpaka punje ikitafunwa ilie kama jiwe, kisha yakatiwa katika chombo kisichopitisha hewa, hayaliwi na fukusi hata bila moshi, kwa kuwa mdudu naye hufa akikosa hewa. Na paa la banda litapata masizi yake kama kawaida.

Tatu, baridi. Hii ndiyo sababu iliyo ngumu kuliko zote, na asiyekaa milimani asiidharau. Nyumba ya udongo mnene, iliyokandikwa nyufa zake zote, hushika joto la mchana na kulitoa polepole usiku. Mlango uliokaa sawa na dari iliyofungwa vizuri huzuia upepo wa chini na wa juu. Lakini blanketi la pili ni lazima, nalo hununuliwa kwa fedha. Hatuwezi kumwambia mtu atoe moto ndani bila kumwambia atapata wapi joto.

Sasa tuyaseme yale yawezayo kufanywa kwa vitu vilivyo karibu nasi: udongo, miti, nyasi, chokaa, jua na upepo.

Jambo la kwanza ni kuni. Mti uliokatwa leo una maji mengi sana. Katika miti mingi maji hayo hukaribia nusu ya uzito wake. Ukiutia motoni, moto huanza kwa kazi ya kuyachemsha maji hayo, na kuni haiungui vizuri bali hutoa moshi. Pasua kuni zako ziwe banzi nyembamba, uzipange juu ya vigogo viwili ili zisiguse ardhi, chini ya upenu ambapo mvua haifiki lakini upepo hupita, uziache miezi sita au zaidi. Kuni kavu huwaka kwa mwali mweupe, moshi wake ni mdogo, na mzigo mmoja hufanya kazi iliyohitaji mizigo zaidi. Kwa hiyo kuni za masika zapasa kukatwa wakati wa kiangazi. Mwenye kukata kuni siku ya kuzitumia huvuta moshi mara mbili: wake na wa watoto wake.

Jambo la pili ni kufupisha upishi. Maharage yaliyolowekwa tangu usiku huiva upesi kuliko makavu. Chungu chenye kifuniko huchemka mapema. Na liko kapu la kuivishia, ambalo twalipenda sana kwa sababu halina gharama: kapu kubwa, ndani yake pamepangwa nyasi kavu au majani makavu ya migomba yaliyoshindiliwa, katikati pameachwa nafasi ya chungu. Maharage yakisha chemka sana kwa muda wa dakika ishirini hivi, chungu hufunikwa, hutiwa katika kapu, na juu huwekwa mto wa nyasi au blanketi kuukuu. Huko huendelea kuiva bila moto kwa saa kadhaa. Kabla ya kula huchemshwa tena vizuri. Muda wote huo hapana moshi, na mama yuko shambani.

Jambo la tatu ni kuupa moshi njia. Moshi una joto, na kitu chenye joto hupanda juu. Ukiona umetanda chumbani ujue umekosa mlango wake. Kofia ya udongo juu ya jiko, iliyojengwa kwa matofali mabichi au fito zilizokandikwa kwa unene, ikaendelea kuwa dohani ipitayo juu ya paa, huukusanya moshi na kuutoa nje. Dohani lazima izidi kilele cha paa ili upepo usiurudishe moshi ndani, na pale inapopita katika nyasi izungukwe na udongo mnene au bati, maana cheche haina urafiki. Isafishwe masizi mara kwa mara.

Je, kazi hiyo ina faida iliyopimwa? Katika milima ya Guatemala, huko Amerika ya Kati, Profesa Kirk Smith na wenzake walifanya uchunguzi wao tangu mwaka 2002 hadi 2004 katika nyumba zaidi ya 500. Kwa kupiga kura, nyumba nusu zilijengewa majiko yenye dohani, na nusu ziliendelea na moto wa wazi mpaka uchunguzi ulipokwisha. Habari zake zilichapishwa mwaka 2011. Moshi waliouvuta watoto ulipungua kwa nusu, na kichomi kikali kilipungua kwa kiasi cha theluthi moja. Ila kichomi cha namna zote kwa jumla hakikupungua kiasi cha kuwapa wataalamu hakika. Na katika Malawi, jirani zetu, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulihusu watoto 10,750 wa chini ya miaka mitano. Jamaa nyingi zilipewa majiko mapya yanayounguza kuni vizuri, lakini kichomi hakikupungua. Waliochunguza walieleza ya kuwa moshi mwingine ulikuwapo bado: wa takataka zilizochomwa, wa tumbaku, na wa mioto mingine ya kijijini.

Twaandika habari zote mbili, iliyo tamu na iliyo chungu, kwa sababu msomaji hastahili kudanganywa. Jiko peke yake si dawa. Mtu akijenga dohani nzuri kisha akachoma takataka chini ya dirisha, na mumewe akavuta tumbaku kitandani, na koroboi ikawaka usiku kucha, atakuwa ameziba tundu moja la ungo. Hewa ya nyumba ni kazi ya nyumba yote, tena ni kazi ya kijiji kizima.

Kwa kuwa tumeitaja koroboi, tuseme neno juu yake. Watu huidharau kwa kuwa ni ndogo. Lakini wapimaji walionyesha mwaka 2012 ya kuwa katika mafuta ya taa yaunguzwayo na taa ya utambi isiyo na kioo, sehemu 7 hadi 9 katika kila 100 hugeuka kuwa masizi meusi. Mwanafunzi asomaye usiku huweka pua yake karibu na taa kuliko mtu mwingine yeyote, naye ndiye avutaye masizi hayo. Siku hizi taa ndogo za jua zapatikana hata katika maduka ya vijijini, nazo hazitoi moshi kabisa. Mzazi mwenye uwezo wa kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya masomo ya mtoto, na anunue taa hiyo.

Jambo la nne ni madirisha. Dirisha moja ni jicho moja. Hewa huingia ikakosa pa kutokea. Madirisha mawili yanayotazamana, au dirisha na mlango, huleta upepo upitao, nao hubadili hewa yote ya chumba kwa muda mfupi. Bibi Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi kilichotoka London mwaka 1859, aliiweka hewa safi kuwa sharti la kwanza la muuguzi. Na wataalamu waliopima hewa katika hospitali 8 za mji wa Lima, nchi ya Peru, walitoa habari zao mwaka 2007: madirisha na milango ikifunguliwa, hewa ya chumba ilibadilika kama mara 28 kwa saa, wakati vyumba vyenye mitambo ya kubadili hewa viliwekewa kipimo cha mara 12. Tena hospitali za zamani, zilizojengwa kabla ya mwaka 1950 zenye dari ndefu na madirisha makubwa, zilishinda zile za kisasa. Walipima hivyo kwa sababu ya kifua kikuu, ugonjwa ambao huenezwa kwa hewa. Mgonjwa akikohoa katika chumba kilichofungwa, wote waliomo huvuta alichokitoa.

Wako wasemao kwamba hewa ya usiku ina ugonjwa. Ugonjwa huo ulikuwa mbu, si hewa. Wekeni wavu wa waya au kitambaa chepesi dirishani, hewa itapita na mbu watabaki nje. Na ule uwazi ulio kati ya ukuta na paa, ambao wazee waliuacha ili moshi utoke, ndio njia kubwa ya mbu wa malaria. Moshi ukisha hamishiwa bandani, uwazi huo nao uzibwe kwa wavu. Katika mkoa wa Mtwara wataalamu wamejenga nyumba 110 za namna mpya katika vijiji 60, zenye nyavu, vyumba vya kulala vya juu, na jiko lisilojaza moshi, ili kuona nyumba yenyewe yaweza kuwakinga watoto kiasi gani. Hivyo hata wakubwa wa elimu wameona ya kuwa dirisha ni jambo la kutafutiwa hekima.

Jambo la tano ni makaa. Hapa twaomba tusikilizwe sana. Makaa hayana moshi uonekanao, kwa hiyo watu huyaamini. Lakini makaa yakiungua hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ile hewa njema tuihitajiyo, ikaizuia isibebwe. Mtu huanza kuumwa kichwa, hulegea, husinzia, kisha haamki. Tulipata kuzika vijana wawili wa kijiji chetu, ndugu wa baba mmoja, waliokwenda kufanya useremala mahali pa baridi. Usiku waliingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango, wakaziba uwazi wa chini kwa gunia ili baridi isiingie. Asubuhi walikutwa wamelala kama watu wenye usingizi mzuri. Mama yao aliuliza mbele yetu sote, "Ni nani aliyewaua wanangu?" na hapana aliyeweza kumjibu. Jiko la makaa, hata likiwa limefifia, lisilale na watu. Mwambieni kila kijana aondokaye nyumbani.

Jambo la sita ni kuta na sakafu. Ukuta wenye unyevu huota ukungu, na ukungu hutoa unga mwepesi uletao pumu na mafua ya siku zote. Chimbeni mfereji kuzunguka nyumba, refusheni upenu, inueni kitako cha ukuta kwa mawe, ili maji ya mvua yasipande ndani. Ukuta wa udongo una sifa njema: hunywa unyevu wa hewa unapozidi na kuurudisha hewa inapokauka. Msiufunike kwa karatasi za plastiki. Upakeni chokaa kila mwaka. Chokaa mbichi ni kali, ukungu haupendi kuota juu yake, na weupe wake huongeza nuru chumbani hata uchafu ukaonekana. Ila anayeipaka alinde macho yake, na watoto wasikaribie ndoo. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji kidogo kabla ya kufagiwa, maana fagio kavu hulitoa vumbi chini na kulitia kifuani. Mikeka na matandiko yaanikwe juani kila juma. Kuku na mbuzi wapewe banda lao.

Neno la mwisho katika haya ni juu ya dawa zisizo dawa. Udi na ubani vina harufu nzuri, nasi hatumkatazi mtu kufurahia harufu. Lakini moshi wa ubani ni moshi, nao hausafishi hewa bali huificha harufu yake. Vivyo hivyo siku hizi husemwa ya kuwa mimea ya vyunguni husafisha hewa ya nyumba. Habari hiyo ilitokana na majaribio ya shirika la Marekani la mambo ya anga, NASA, mwaka 1989, yaliyofanywa katika masanduku madogo yaliyofungwa. Waliokusanya majaribio ya namna hiyo miaka thelathini baadaye walipiga hesabu wakaona kwamba ili mimea ifanye kazi ya upepo wa kawaida wa nyumba, ingehitajika 10 hadi 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Hapo watu watakaa wapi? Pandeni maua kwa uzuri wake, pandeni mti nje kwa kivuli na kuzuia vumbi la njia, na hewa ifunguliwe dirisha.

Wasomaji watauliza, je, yule bibi? Baba wa watoto aliporudi kwa likizo ya mwezi wa kumi na mbili, mkewe ndiye aliyesema, si sisi. Alisema mbele ya mama mkwe, kwa adabu, neno moja: "Mimi nimebeba mtoto huyu usiku mara mbili. Mara ya tatu sitaweza." Yule baba alinyamaza kitambo, kisha akatoka kutafuta nguzo. Banda la kupikia lilisimama kwa siku nne, na dari ya mahindi ilihamishiwa humo, maana bibi aliweka sharti hilo. Dirisha la nyumba kubwa lilikatwa asubuhi moja. Bibi alilalamikia baridi mwezi mzima, na alikuwa na haki, mpaka mwanawe alipoleta blanketi. Mtoto bado alikohoa mara mojamoja, kama watoto wa milimani wakohoavyo. Lakini kwa muda tuliokaa katika kijiji kile hakurudi tena hospitali kwa kichomi. Hatusemi kwamba dirisha pekee limemponya. Twasema tulivyoona.

Jambo tulilojifunza kwao si la udongo wala la chokaa. Mwanamke ndiye avutaye moshi, na mwanamume ndiye mwenye panga na fedha ya misumari. Mwenye kuumia hana amri, na mwenye amri haumii, kwa kuwa yeye huketi barazani akingoja chakula kiive. Kwa hiyo nyumba nyingi hazina dirisha, si kwa ukosefu wa miti, bali kwa sababu aliyeweza kulikata hakuwahi kukaa jikoni hata muda wa kupika ugali mmoja. Serikali ya Tanzania ilitangaza mwaka 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa watu 80 katika kila 100 ifikapo mwaka 2034. Ni neno jema, nasi twaliombea. Lakini mtoto aliyezaliwa mwaka huu hawezi kuacha kuvuta hewa mpaka gesi ifike kijijini kwao.

Basi enyi wenye nyumba, jioni ya leo ingieni jikoni, mkae chini pale akaapo mama, kwa kimo cha mtoto, tangu moto unapowashwa hata chakula kinapopakuliwa. Msitoke nje kupunga upepo. Mkisha kula, shaurianeni na wake zenu mahali pa kukata dirisha, na kesho noeni panga.